Siha Isiyongoja Filimbi

Mwili ni amana. Hatukuuomba wala hatukuununua. Tumepewa tuutumie, tuutunze na siku moja tuurejeshe. Neno hili halina mpinzani katika pwani yetu, kuanzia Moa hadi Pangani. Kila mtu hulikubali barazani, kikombe cha kahawa kikiwa mkononi. Lakini kukubali ni jambo jepesi. Swali tunalotaka kulitazama hapa ni hili: kwa nini mtu anayejua faida ya kuutunza mwili wake huanza leo na kuacha kesho kutwa? Na je, jema linalotendwa kwa kuamriwa laweza kuwa tabia ya mtendaji?

Yafaa kwanza tueleze maana ya siha. Siha si misuli iliyotutumka wala kifua cha kutisha watu. Siha ni uwezo wa mwili kuitika unapoitwa: kupanda ngazi bila kutweta, kuinua ndoo bila kuumia, kulala vema na kuamka na nguvu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri, kama vile kutembea kwa haraka, kwa muda usiopungua dakika 150 kwa juma. Na mtoto wa umri wa shule wastani wa dakika 60 kila siku. Dakika hizo 150 zikigawanywa kwa siku saba, kila siku hupata dakika 22 hivi. Ni muda mfupi kuliko mazungumzo ya baraza moja. Basi kinachokosekana kwa wengi wetu si wakati.

Sisi tuliosoma shule za msingi katika miaka ya 1970 na 1980 tulilelewa na mchakamchaka. Asubuhi na mapema tulikimbia kwa mistari, mmoja akiongoza wimbo na wengine wakiitikia, vumbi likitimka nyuma yetu. Tulikimbia hivyo miaka saba. Siku tulipomaliza shule, tuliacha. Hatukuamua kuacha, filimbi haikulia, nasi hatukukimbia. Hapo ndipo lilipo fumbo. Ikiwa miaka saba haitoshi kumpa mtu mazoea, ni miaka mingapi itakayotosha? Jibu letu ni kwamba hatukuwa na mazoea ya kukimbia. Tulikuwa na mazoea ya kutii.

Hatusemi haya kwa kubeza wito wa taifa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Faida yake ilikuwa kubwa. Mwezi wa Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza wananchi wafanye mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Lakini kazi hizi mbili zina tofauti. Choo kilichochimbwa leo, kesho kipo. Mbio za leo kesho hazipo. Sharti zikimbiwe tena. Taifa laweza kumwamsha mtu, lakini haliwezi kutembea kwa niaba yake.

Yuko atakayeuliza: mkata mkonge ana haja gani ya mazoezi? Swali hili ni la haki, na historia ya mkoa wetu inalijibu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache mashamba yakaenea, hata katika miaka ya 1960 nchi yetu ikafikia kutoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Waliobeba mzigo huo ni manamba, waliohesabiwa siku zao kwa kipande. Miili yao ilitumika sana, lakini haikutumika kwa ajili yao. Kazi huimarisha mwili kwa kiasi. Ikizidi, bila lishe wala mapumziko, huula. Kwa hiyo tusimwite mvivu mtu anayerudi kutoka shambani amechoka akajilaza. Haki yake ni chakula na pumziko. Wito wa mazoezi unatuhusu zaidi sisi tunaokaa vitini.

Nasi ni mashahidi dhidi ya nafsi zetu. Baada ya miaka mingi ya kuinamia majalada ofisini, tulipimwa tukaambiwa shinikizo la damu limepanda. Tukaogopa. Tukanunua viatu, tukakimbia siku nne kwa pupa. Siku ya tano magoti yakakataa, siku ya sita tukarudi kwenye kiti. Tulidhani tumeshindwa na uvivu. Kumbe tulikuwa tumeibadili filimbi ya mwalimu kwa filimbi ya hofu, na hofu nayo huzoeleka.

Kilichotufaa baadaye kilikuwa kidogo mno. Kila baada ya sala ya alfajiri tulitembea hadi mwisho wa mtaa wetu wa Ngamiani, tukarudi. Sala ilikwisha kuwa na saa yake. Matembezi yakajishikiza hapo. Jirani akajiunga nasi, na siku tulizotamani kulala, haya ya kumwacha mlangoni ilitutoa kitandani. Baada ya miezi michache tulikuwa tukifika Raskazone na kurejea. Siku tuliyokosa hatukujilaumu. Tulichunga tu isifuatwe na ya pili. Haba na haba hujaza kibaba, walinena wazee, nao hawakusema kijazwe kwa siku moja.

Mji wa Tanga unajulikana kwa baiskeli zake. Mpanda baiskeli aendaye sokoni hasemi kwamba anafanya mazoezi, anakwenda sokoni. Ndiyo maana haachi. Mazoea hudumu yakipata makao ndani ya maisha ya mtu.

Huenda mwanafunzi akauliza: jambo linalotendwa kwa mazoea, bila kufikiri, lina sifa gani? Tunamjibu kwamba mazoea ya kweli ni uamuzi wa zamani ambao mwenyewe hajautengua. Akimbiaye kwa filimbi naye hafikiri, lakini uamuzi si wake. Kwa nje watu hawa wawili hufanana. Tofauti yao huonekana siku filimbi inaponyamaza.

Kwenu walimu tuna ombi. Mara nyingi mtoto aliyechelewa shuleni huamriwa kuruka kichura au kuzunguka uwanja mbio. Mwalimu hudhani anaadhibu kosa, kumbe anamfundisha mtoto kwamba kuutumia mwili ni adhabu. Mtoto huyo akiwa mtu mzima atauona uhuru wake katika kukaa. Tafuteni adhabu nyingine, na mchakamchaka uachwe uwe furaha yenye wimbo. Tena mpeni mwanafunzi nafasi ya kuchagua mwenyewe: mpira, rede, kuruka kamba au kuogelea.

Nanyi wanafunzi, siku mtakapoondoka shuleni filimbi itabaki mikononi mwa mwalimu. Chagueni sasa jambo moja dogo mnaloweza kulifanya bila kuitwa, mlifanye kesho, na kesho kutwa mlirudie. Hilo ndilo mtakaloondoka nalo.