Amana ya Abiria

Msomaji, wewe ukaaye karibu na kilima cha Salaita huenda hujapata kuona meli ila katika picha. Bandari ya Mombasa i mbali nawe zaidi ya kilomita mia mbili, na maji yaliyo jirani yako ni ziwa Jipe, ambalo vyombo vyake ni mitumbwi ya wavuvi. Waweza kuuliza habari za manahodha zina faida gani kwa mtu wa nchi kavu. Nitaanza kukujibu kwa kilima chenyewe.

Tarehe 12 Februari 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yalikishambulia kilima cha Salaita, ambacho kilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Mkuu wa mashambulio hayo alikuwa Brigedia Jenerali Wilfrid Malleson. Askari wengi waliotangulizwa mbele walitoka Afrika Kusini, nao walikuwa wameshuka Mombasa majuma machache tu kabla ya siku ile. Waliambiwa kwamba maadui walikuwa kiasi cha mia tatu. Kumbe walizidi elfu moja, na mahandaki yao hayakuwa kileleni, ambako mizinga ilielekezwa, bali chini ya kilima, ndani ya vichaka. Jua lilipokuchwa watu zaidi ya 170 wa upande wa Uingereza walikuwa wameuawa, wamejeruhiwa au hawaonekani. Mwezi uliofuata, tarehe 11 Machi, Malleson huyo huyo aliongoza mashambulio ya vilima vya Latema na Reata, magharibi ya Taveta. Vita vilipokuwa vikali alisema kwamba ni mgonjwa, akaondoka, na Jenerali Tighe akashika mahali pake. Huenda ugonjwa ulikuwa wa kweli, maana hapana awezaye kulipima tumbo la mwenzake kwa macho. Lakini askari waliokuwa chini ya vilima wakati ule hawakuwa na ruhusa ya kuugua. Mwaka 1918 Malleson alipewa uongozi mwingine, katika Asia ya Kati.

Askari yule alikuwa abiria. Alitiwa katika safari ambayo usukani wake ulishikwa na mwingine, kwa habari alizokusanya mwingine, naye hakuwa na njia ya kuzihakiki. Hivyo ndivyo alivyo kila mtu apandaye chombo. Ukiweka fedha kwa jirani yako, nazo zikapotea, jirani aweza kufanya kazi mwaka mzima akakulipa. Abiria huweka amana ya namna nyingine: huweka pumzi yake na ya mtoto aliyempakata, na amana hiyo ikipotea hailipiki kwa fedha wala kwa machozi. Kwa sababu hii nahodha hupewa amri kubwa ndani ya chombo, na kwa sababu hii hii hana budi kuulizwa habari za kila roho iliyokuwa chini ya amri yake.

Ulimwengu ulimsikia sana nahodha mmoja wa Italia, Francesco Schettino. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya starehe iitwayo Costa Concordia, iliyochukua watu zaidi ya 4,200, ilipitishwa karibu mno na kisiwa cha Giglio, kwa namna ya kukisalimu kisiwa, ikapasuliwa na mwamba. Watu 32 walikufa. Sheria ya Italia yamtaka nahodha awe wa mwisho kuiacha meli. Yeye alikuwa mashuani wakati watu wengi wangali melini, na ofisa wa ulinzi wa pwani alipomwamuru kwa simu arudi, hakurudi. Alijitetea kwamba aliteleza akaangukia ndani ya mashua. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miaka 16, na mwaka 2017, rufani zake zote zilipokwisha, aliingia gerezani. Kampuni ya meli ilitozwa faini ya euro milioni moja, ikatoka katika kesi ya jinai.

Hukumu ya nahodha huyo ilikuwa ya haki, nami simtetei. Kinachonitia mashaka ni wepesi ambao ulimwengu ulimcheka mtu mmoja ukaona umekwisha kazi yake. Desturi ya kusalimu visiwa haikuzuliwa usiku ule; miezi michache kabla, meli ile ile ilikuwa imekipitia kisiwa kile kile kwa karibu, na kampuni ilijua. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Katika ajali nyingi mimi naona hesabu ya namna nyingine: chombo kinapong'oa nanga huwa na manahodha wengi, yaani mwenye mali, mkata tiketi, mpakizi wa shehena, mkaguzi na ofisi, kikizama hubaki na mmoja tu.

Tutazame maji yetu wenyewe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na gati, katika mlango wa bahari wa Mombasa. Iliruhusiwa kuchukua watu 300. Waliokufa peke yao walikuwa 272. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya soko, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati ya kisiwa cha Ukara. Kilitengenezwa kwa watu mia moja hivi, wakafa 228. Rais John Magufuli aliliambia taifa kwamba nahodha alikuwa ameuacha usukani mikononi mwa mtu asiyefunzwa, na wahusika wakamatwe. Kama ndivyo, kosa la nahodha ni kubwa. Lakini mtu asiyefunzwa hawezi kuwapakia watu peke yake katika chombo cha watu mia moja mpaka wazidi mara mbili. Palikuwa na gati, na gatini palikuwa na watu wa kazi.

Wajibu wa nahodha huanza nchi kavu, katika neno moja: hatung'oi. Nahodha asiyeweza kulitamka neno hilo bila ya kufukuzwa kazi amenyang'anywa unahodha wake, na aliyemnyang'anya hana haki ya kukaa nyuma ya umati siku ya hesabu. Hata hivyo nahodha mwenyewe hawezi kujificha nyuma ya bwana wake. Aliyekubali kushika usukani bila ya kuwa na sauti aliwadanganya abiria, maana wao walipomwona na kofia yake walidhani sauti anayo.

Husemwa mara nyingi kwamba abiria naye ana lawama, kwani aliona chombo kimejaa akaingia. Hoja hii yataka kujibiwa polepole, maana ina ukweli kidogo. Iliripotiwa kwamba baadhi ya watu walikataa kupanda MV Spice Islander usiku wa Septemba 2011, kabla haijazama katika safari ya kutoka Unguja kwenda Pemba. Macho yao yaliwaokoa. Lakini fikiri, ewe mwanafunzi, siku ya kufunga shule. Umesimama barabarani na sanduku lako, na giza linakaribia. Matatu ya watu kumi na wanne inafika, nawe unahesabu vichwa kumi na saba, na utingo anasema pana nafasi ya mmoja. Utasema hapana? Na ukisema, utalala wapi? Mwuza samaki wa Ukara alikuwa katika hali yako, naye hakuwa hata na barabara ya kutembea kwa miguu.

Hapa ndipo neno imani hutumiwa vibaya. Abiria wa meli ya starehe akikosa imani huweka fedha zake mfukoni, akaenda mlimani badala ya baharini, na mwenye meli huumia. Likoni mambo si hivyo. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka katika feri, likazama na mama na binti yake, na siku kumi na mbili zilipita kabla hawajaopolewa. Asubuhi iliyofuata watu walipanga foleni kama kawaida, wakavuka kwenda kazini. Mtawala aweza kuitazama foleni ile akajipongeza kwamba watu wangali wanaamini. Wanavuka kwa kuwa mkate uko ng'ambo. Asiyeweza kukuadhibu kwa kukuacha anakudai zaidi kuliko yule awezaye, na katika nchi zetu deni hilo ndilo hulipwa mwisho.

Lingeweza kuanza kulipwa kwa jambo dogo. Katika MV Bukoba palikuwa na orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili; wa daraja la tatu, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuandikwa. Ilipozama hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa yakini ni wangapi walioingia. Spice Islander ilipozama, maiti 203 ziliopolewa, na tume ya serikali ikawahesabu wengine 1,370 kuwa hawakuonekana, kwa kuwauliza jamaa zao. Nahodha ataulizwaje habari ya mtu ambaye hakuna aliyemhesabu alipopanda?

Shule ya Salaita ikipeleka watoto Mombasa kuitazama bahari, mwalimu husimama mlangoni mwa basi na daftari. Huwahesabu kabla ya dereva kutia moto, huwahesabu tena wakishuka Likoni, na hesabu ikipungua mmoja basi haliondoki, hata wengine wakinung'unika kwa njaa.