Anayeshika Mwiko

Kwa Kiswahili, jiko ni chumba cha kupikia, na jiko hilohilo ni kifaa cha moto kilichomo ndani ya chumba hicho. Mwanamume akioa, watani wake husema kapata jiko. Neno moja linabeba chumba, chombo na mtu. Nilikuwa nalichukulia kama utani wa kijiweni, mpaka familia yetu ilipoanza kuchangishana fedha za kukarabati jiko la mama, Tabata, Dar es Salaam. Kila tulipolitaja jiko, chumba kilijadiliwa, chombo kikajadiliwa, na mtu akasahauliwa.

Kaka yangu mkubwa, ambaye mchango wake ndio mkubwa kuliko yote, anataka jiko la induksheni na oveni ya kupachikwa kwenye kabati. Dada yetu anataka gesi. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na kwao mwanafunzi ni mtu mwenye muda, kwa hiyo nilikabidhiwa kazi ya kuchunguza. Swali lao lilikuwa tununue jiko lipi. Kadiri nilivyochunguza ndivyo nilivyozidi kujiuliza nani mwenye haki ya kujibu.

Kwanza chombo chenyewe. Chini ya kioo cha jiko la induksheni kuna koili ya shaba. Umeme ukipita humo ukibadilibadili mwelekeo, huzalisha nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huamsha mikondo ya umeme katika kitako cha sufuria. Sufuria yenyewe ndiyo inayopata moto. Kioo hupashwa na sufuria iliyo juu yake. Hakuna mwali, hakuna moshi, na ukiiondoa sufuria jiko huacha kupasha. Lakini kitako lazima kinase sumaku. Nilichukua sumaku ya kwenye mlango wa friji nikapima vyombo vya mama. Sufuria saba za alumini, hakuna iliyonasa. Chungu cha mchuzi, hapana. Kaango la chuma la chapati pekee ndilo lililoshika. Anayenunua jiko hili, basi, anabadilisha na kabati zima la vyombo.

Kisha umeme. Mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Jiko la kilowati 2 likifanya kazi kwa nguvu zote dakika 45 kwa siku hula uniti moja na nusu, yaani 45 kwa siku 30. Weka friji, feni na taa, ukomo huo umeshapitwa kabla mwezi haujaisha.

Pamoja na hayo, hoja ya kaka ina uzito wa kimaadili, nami siipuuzi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa kupikia majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kwa mama, gesi ikiisha katikati ya mwezi, mkaa ndio unaorudi. Anayesema tuondokane na moshi anasema jambo la haki.

Ila mama hapiki tena kila siku; magoti hayamruhusu kusimama muda mrefu. Anayepika ni dada wa kazi, na dada hayumo kwenye kundi la WhatsApp tunakojadili. Nilimuuliza yeye angependa nini. Alicheka kwanza. Halafu akauliza, "Kaka, hicho kioo kikipasuka, nani analipa?"

Nilikuwa nimesoma habari za koili, za waya mnene na sakiti breka yake, za dhamana ya miaka miwili. Swali hilo sikulikuta popote. Kwake ndilo lilikuwa la kwanza, kwa sababu ugali hausongwi kwa upole. Sufuria hutikisika, mkono mmoja huibana, mwingine hugeuza mwiko kwa nguvu, na kwenye kioo laini sufuria huteleza. Wali wa kupaliwa makaa juu ya mfuniko aliutaja pia, na akasema oveni haina haja, keki tunakula mara moja kwa mwaka. Moshi hautaki hata kidogo. Ndiye anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha mkaa gesi inapoisha. Alichokitaka zaidi ni kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekitaja: kaunta ishushwe. Ni mfupi, na kaunta ya sasa humlazimu kunyanyua mabega kila anaposonga.

Katika kitabu cha tatu cha *Siasa*, Aristotle anasema mtengenezaji wa kitu si lazima awe mwamuzi bora wa kitu hicho. Nyumba huhukumiwa vyema zaidi na anayeishi ndani yake kuliko mjenzi, usukani na nahodha kuliko seremala, na karamu na mgeni kuliko mpishi. Mfano huo wa mwisho ungemfurahisha kaka: mlaji ndiye mwamuzi. Lakini sisi hatukuwa tunachagua karamu. Tulikuwa tunachagua usukani, na kwa hoja ileile ya Aristotle mwamuzi wa usukani ni anayeushika. Wahenga wetu walilisema kwa ufupi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza ni kwamba mwenye fedha ndiye mwenye kauli; mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hiyo inaeleza namna nyama inavyogawiwa. Haisemi kama mgawo huo ni wa haki. La pili ni kwamba dada anaweza kuondoka mwakani na mama akabaki. Ni kweli, lakini atakuja mwingine kushika mwiko huohuo, naye pia ataogopa kioo cha watu. Kumsikiliza huyu ni kumsikiliza na yule asiyefika bado.

Jibu la tatu ndilo linalonisumbua, na sikuletewa na mtu. Mtu anayelipwa mshahara na wewe, ukimuuliza anataka nini, je, anakujibu au anakuridhisha? Kicheko chake cha kwanza kilikuwa cha mtu anayepima maji. Tunapenda kusema "tulimshirikisha" kana kwamba kuuliza kunatosha. Nadhani hakutoshi. Swali la "unataka nini" halijawa swali la kweli mpaka aliyeulizwa ajue kwamba hasara haitamwangukia yeye. Alivyoanza na kioo, dada alikuwa anauliza kama ana ruhusa ya kuwa na maoni. Kabla ya kumtaka achague tunapaswa kumwondolea hofu hiyo, kwa maneno ambayo mama na sisi sote tumeyasikia na hatuwezi kuyakana baadaye.

Kwa hiyo pendekezo nililoandika kwenye kundi lilianza na ahadi, bei zikafuata. Chombo kikiharibika katika kazi, mshahara haukatwi. Jiko liwe la induksheni la sehemu mbili, na pembeni yake gesi ya mafiga mawili kwa ajili ya ugali na kwa siku umeme ukikatika. Fedha ya oveni ya kupachikwa ihamie kwenye sufuria nzito zinazonasa sumaku, na zinazobaki ziwe akiba ya kujaza mtungi ili mkaa usirudi. Kaunta ishuke.

Dada yetu alikubali siku hiyohiyo. Kaka aliandika, "Kwani tunamjengea mama au tunamjengea dada wa kazi?" Mama, ambaye kwa kawaida hutuma tu sala za asubuhi, alijibu kwa sauti: na yeye alipokuwa anatupikia sisi, hakuna aliyewahi kumuuliza kaunta iwe na kimo gani. Kaka hajaandika kitu tangu hapo, ila mchango wake umeingia.

Fundi anakuja Jumamosi kuchukua vipimo. Nimemwomba dada asiende sokoni asubuhi hiyo, asimame pale ukutani na mwiko mkononi, kaunta ipimwe kwa kimo chake.