Je, Kikohozi Changu Ni Siri Yangu?



Majuzi tulisoma Mathayo 25, pale Bwana anapojihesabu kuwa yule mgonjwa anayetembelewa. Baada ya ibada mama mmoja akanivuta kando. "Mchungaji, tukienda kuwaona wale wazee kwa nyumba yao na mimi nina kikohozi, niende ama nibaki? Nikibaki si nimemnyima Yesu? Na nikisema mimi ni mgonjwa, si nimekana uponyaji wangu?"

Swali la pili ndilo gumu, hasa kwetu Wapentekoste.

Tuanzie mbali kidogo. Mwisho wa Februari 2020, kabla korona haijatangazwa hapa Kenya, iligunduliwa katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Kirkland, jimbo la Washington, Marekani. Kufikia Machi 18 walikuwa wameambukizwa wakazi 101, wahudumu 50 na wageni 16. Theluthi moja hivi ya wakazi hao walifariki. Wachunguzi walikuta kwamba wahudumu wengine walifanya kazi wakiwa wagonjwa, na wengine walihudumu nyumba zaidi ya moja. Tena ugonjwa wa mzee hujificha. Anaweza kukosa joto kabisa, akaacha tu kula, au akaanza kuchanganyikiwa.

Mnaona? Ugonjwa huingia kwa mikono inayolisha na kuosha, na kwa wageni wenye upendo.

Je, mhudumu aliyeenda kazini akikohoa ametenda dhambi? Mimi siwezi kumhukumu haraka. Kama analipwa kwa siku, na siku asiyofika watoto wanalala njaa, basi aliyeandika mkataba huo ameshika kikohozi pamoja naye. Na sisi tunaopeleka wazazi wetu mahali pa bei rahisi bila kuuliza vitanda vimekaribiana kiasi gani, au maji ya kunawa yanatoka wapi, tumo pia. Huku Kiambere tunajua maji ni kazi. Mtungi ukibebwa na punda kutoka mbali, wa kwanza kukatwa ni ule wa kunawa mikono.

Sasa uponyaji. Wale kumi wenye ukoma wa Luka 17, Yesu aliwatuma kwa makuhani, na walitakasika wakiwa bado njiani. Yeye Mponyaji hakuona aibu kazi yake ikaguliwe, kama Walawi 14 inavyoagiza. Kwa hivyo kusema "nina kikohozi" si kukosa imani. Kukificha na kuita hiyo imani, hapo ndipo ninaogopa, kwa sababu anayelipa si mimi, ni shosho wa miaka themanini.

Lakini pia nisiseme tufunge milango tu. Wakati wa korona wazee wengi duniani walikufa bila mtu wao kuwashika mkono, na hilo nalo ni jeraha.

Nilimwambia yule mama abaki. Alinuna kidogo, nisiwafiche. Jumamosi ndengu zake zilienda na sisi, pamoja na mitungi minne ya maji na sabuni. Tulipofika tukampigia simu, tukamshikia shosho mmoja sikioni. Waliimba pamoja mpaka kredo ikaisha.