Neno la Siku Lilikuwa "Jitimai"



Wengi mnaniuliza, "Frateri, unapata wapi cha kutunga kila siku?" Leo nawajibu, ila jibu lina mkia, na huo mkia nimetembea nao tangu Kwaresima.

Utaratibu wangu ni rahisi. Baada ya Masifu ya Asubuhi nafungua kamusi bila kuangalia, naweka kidole, na neno nitakalolikuta, hasa likiwa geni, ndilo neno la siku. Kabla sijalala lazima liwe limeingia kwenye shairi: beti tatu au nne, mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Nilianza nikiwa mwaka wa kwanza wa falsafa, kichwa kimejaa mabishano ya darasani, nikitafuta mahali pa kupumzikia. Nimepata maneno matamu kwa njia hiyo. Shufaka. Utusitusi. Hilo la pili, hapa Karatu ninapofanya mwaka wa kichungaji, halihitaji kamusi: toka nje alfajiri, ukungu umeshuka kutoka Ngorongoro, utaliona neno lenyewe limesimama uani.

Basi, siku moja kidole kikaangukia jitimai. Huzuni kubwa. Mimi sikuwa na huzuni yoyote. Nilikuwa nimeshiba makande na nasubiri mechi. Nikatunga beti nne za mama aliyefiwa na mtoto: kitanda kidogo kimebaki kitupu, mvua inapiga bati, mama anaita na haitikiwi. Vina vilikuja vyenyewe. Nilijipongeza, sitaficha.

Siku nne baadaye, kwenye kigango kimoja huku juu karibu na msitu wa hifadhi, alifariki mtoto wa miaka 11. Padre alikuwa mbali, katekista akaongoza mazishi, akaniomba niseme neno la faraja. Neno sikuwa nalo. Shairi nilikuwa nalo, kwenye simu.

Nikalisoma. Watu walilia. Mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Baadaye nikaenda kumpa pole mama mzazi, amekaa kwenye mkeka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Frateri, hilo shairi umemtungia mwanangu lini?"

Nikasema, "Jana usiku, mama."

Hiyo "jana usiku" haina mjadala, nimeshaiungama. Kinachonisumbua ni kingine. Uongo ulianzia pale kwenye mkeka, au ulianza siku nne kabla, nilipoandika jitimai nisiyokuwa nayo kwa sababu tu kidole kiliangukia hapo?

Mtakatifu Agostino angenibana vizuri. Katika kitabu cha kwanza cha Maungamo anasimulia zoezi alilopewa shuleni: aseme kwa maneno yake hasira na uchungu wa Juno, mungu wa kike wa Warumi. Aliyeigiza uchungu vizuri zaidi ndiye aliyesifiwa, na Agostino alisifiwa sana. Akiwa askofu anakumbuka makofi yale na kuona yalikuwa upepo mtupu. Anajilaumu pia kwamba alimlilia Dido wa kwenye hadithi wakati roho yake mwenyewe inakufa naye hana chozi.

Nikikomea hapo, nichome daftari. Yuko aliyefanya hivyo kweli. Gerard Manley Hopkins, mshairi Mwingereza, alichoma mashairi yake mwaka 1868 kabla ya kuingia kwa Wayesuiti. Miaka ikapita. Mwezi Desemba 1875 meli Deutschland ikakwama na kuharibika karibu na pwani ya Uingereza, wakafa watu wengi, wakiwemo masista watano Wafransisko waliokuwa wameondoka Ujerumani kwa sababu ya sheria za kulibana Kanisa. Mkuu wake akadokeza kwamba ingefaa mtu aandike shairi juu yao. Kidokezo tu, kama kidole changu kwenye kamusi. Hopkins hakuwajua wale masista, aliwasoma gazetini. Na bado, wakati likizama lile shairi lake, humo ndani unakuta mtu anasali.

Kwa hiyo kupewa neno si dhambi. Kama ingekuwa dhambi, Zaburi zingetushinda. Unaamka na furaha zako, unakuta zaburi ya mtu anayezama kwenye matope. Huiruki. Unaisali kwa ajili ya aliyezama leo, na Mtakatifu Benedikto anawataka wamonaki wake wauweke moyo ulingane na sauti, maana sauti imeshatangulia. Hata hapa kwa Wairaqw, wazee wana slufay, sala ya kishairi ambayo mzee huisema na watu wakawa wanaitikia. Mengi humo ni ya kurithi. Hakuna anayemwambia mzee kwamba amedanganya, kwa sababu kila mtu anajua maneno yametoka wapi.

Hapo ndipo nilipojikamata. Shairi likiwa daftarini halikudai kumhusu mtu yeyote. Lilianza kudai niliposimama kaburini nikaliacha lidai. Yaani nilishadanganya kabla mama hajaniuliza, na swali lake lilinipa nafasi ya kutubu nikaitumia kuongeza.

Frateri mwenzangu aliniambia, "Acha hizo, watu walifarijika." Walifarijika kweli. Lakini shairi lile lingefaa msiba wowote, na mama yule hakuwa na msiba wowote, alikuwa na wa kwake. Mnajua lile bonde la Oldupai, kule hifadhini? Ni jina la mkonge-pori kwa Kimaasai. Wageni walilisikia vibaya wakaandika Olduvai, na vitabuni likabaki hivyo. Nami niliandika juu ya mtoto ambaye sikuwa nimemsikia kabisa.

Baada ya wiki tatu nikapanda bodaboda nikarudi. Nilimkuta anapukuchua mahindi na bibi wa mtoto. Nikakaa, nikachukua gunzi, nikamwambia yote.

Hakushtuka. "Nilijua, Frateri. Mwanangu hakuwa na kitanda. Alilala na bibi yake huyu."

Nikaomba msamaha. Akasema, "Haya," akaendelea kupukuchua, nami nikaendelea. Sijui kama ile "haya" ilikuwa ndiyo. Baada ya muda bibi akaanza kusimulia bila kuulizwa. Kijana alikuwa na kazi yake: kuchunga mbuzi pale juu na kuhesabu magari ya watalii yanayopanda kwenda geti la Lodoare. Kila jioni lazima amtajie bibi idadi, bibi atake asitake. Jioni ya mwisho kabla hajaugua alisema 41.

Kamusi bado naifungua kila asubuhi, siku hizi juu ya ukurasa naandika "zoezi". Ila lile la mtoto nimeliweka kwenye daftari jingine. Arobaini na moja ni mizani 8 kamili, nusu ya mshororo. Nusu ya pili nimeshaifuta mara sita.