Je, Tunawajibika Kuhifadhi Tusichokijua Faida Yake?

Mwaka 1963 mwanaastronomia Maarten Schmidt aligundua kwamba 3C 273, iliyodhaniwa kuwa nyota tu, iko umbali wa zaidi ya miaka nuru bilioni 2. Leo tunajua kuwa ni kiini cha galaksi, na kwamba mwanga wake hutoka kwenye gesi inayozunguka shimo jeusi na kutumbukia humo.

Kiini hicho kina ukubwa gani? Darubini haikuweza kukipima, lakini kubadilika kwa mwanga kungeweza kutoa jibu. Mwanga ukipanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, chanzo chake hakiwezi kuzidi sana umbali ambao nuru husafiri kwa mwezi, kwani hakuna badiliko linaloweza kukivuka haraka kuliko nuru. Harlan Smith na Dorrit Hoffleit hawakusubiri miaka mingi ili kuchunguza jambo hilo. Mwaka uleule walirejea picha za vioo za Chuo Kikuu cha Harvard, zilizopigwa tangu miaka ya 1880. Humo 3C 273 ilionekana ikibadilika, ingawa waliopiga picha hizo hawakuijua.

Hata hivyo, wakati huo upigaji picha ulikuwa umesimama. Mkurugenzi Donald Menzel aliusitisha miaka ya 1950 ili kupunguza gharama, na pengo la takriban miaka 15 limebaki hadi leo.

Je, alikosea? Wapo watakaomtetea kwamba fedha zilikuwa chache, na mtu hahukumiwi kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua. Utetezi huo una uzito, maana hakuna taasisi inayoweza kuhifadhi kila kitu. Lakini kutojua faida ya jambo si sawa na kujua kwamba halina faida. Tena hasara hizi mbili hazilingani: fedha zaweza kutafutwa tena mwakani, bali mwanga uliopita usiku mmoja bila kunaswa haurudi.

Kwa hiyo naona wajibu wetu si kuhifadhi kila kitu, bali kutanguliza kile kisichoweza kurudiwa: vipimo vya mvua vya kila siku, kina cha ziwa, maneno ya wazee. Anayetaka kukatisha kumbukumbu za namna hiyo ndiye anayepaswa kutoa sababu, wala asimdai mtunzaji athibitishe leo faida itakayoonekana baada ya miaka 80.