Majimaji: Shujaa ni wetu, na akida je?



Huwa nawasimulia wanafunzi wangu hapa Kariakoo habari za vita vya Majimaji. Wengi wao wazee wao wametoka Kusini: Rufiji, Kilwa, Lindi. Siku moja kijana mmoja akauliza: "Ustaadhi, aliyekuwa akiwachapa watu viboko mle shambani ni nani?" Nikamjibu haraka: "Mjerumani." Tangu siku hiyo jibu lile linanikera, kwani ni nusu ya ukweli, na mwalimu anayetoa nusu ya ukweli amedanganya.

Tuirejee historia. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Gavana Götzen iliamuru vijiji vya wilaya za pwani ya kusini vilime mashamba ya pamba ya pamoja. Watu waliacha mtama na mpunga wao wakaenda kulima pamba ya serikali kwa siku walizopangiwa. Malipo yalikuwa duni kiasi kwamba wapo waliokataa kuyapokea. Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba. Vita vikaanza hapo. (Suala la dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe kiitikadi lina mahali pake, sio mada ya leo.) Kinjikitile alinyongwa Mohoro Agosti mwaka huo huo. Wajerumani wakachoma vijiji na vyakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa hadi mwaka 1907 yanaanzia 75,000 na kupindukia 250,000.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Amri ilikuwa ya Mjerumani, hilo halina ubishi. Lakini aliyesimama shambani alikuwa jumbe, na juu ya jumbe alikuwepo akida. Maakida wengi wa pwani walikuwa Waarabu na Waswahili, watu wa kuswali na kufunga kama mimi na wewe. Ndio maana Wamatumbi walipoinuka walimfukuza kwanza akida wa Kibata, kisha wakaishambulia Samanga, mji wa wafanyabiashara wa pwani. Hawakwenda Berlin. Walimwendea waliyekuwa wakimuona kila siku.

Wapo watakaosema: Ustaadhi, mambo haya yaache, maadui wa Uislamu watayatumia kutupaka matope. Hofu hiyo naielewa, maana wapo wanaosimulia utumwa na dhulma za pwani ili tu kuuchafua Uislamu. Lakini ubaya wa nia ya msimulizi haugeuzi kweli kuwa uongo. Allah (SW) katika Surat An-Nisaa ametuamrisha kusimamia uadilifu japo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Hakuweka sharti kwamba kwanza tuangalie nani anasikiliza.

Isitoshe, Qur'an imetufundisha kuwa hakuna anayebebeshwa mzigo wa dhambi za mwingine. Dhambi ya akida ni ya akida. Kama ni hivyo, tunaogopa nini kuisema? Lakini tukubali pia upande wa pili wa hoja: kama dhambi ya akida si yetu, basi na thawabu za mashujaa waliouawa si zetu. Hatuwezi kurithi sifa tukakataa aibu. Kinachorithiwa kutoka kwa wote wawili ni mazingatio tu.

Na mazingatio yenyewe yako mlangoni petu. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, watu waliobebeshwa mizigo wasiyojua ni ya nini. Leo tazama anayesukuma mkokoteni pale Msimbazi: je, analipwa walichopatana, au hupunjwa kwa kuwa hana pa kushitakia? Mtazame binti aliyeletwa kutoka Kusini kufanya kazi za ndani. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, analala wa mwisho, na mshahara wake "unatunzwa" na tajiri yake. Tajiri huyo anaswali safu ya mbele.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume (SAW) ametueleza watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mwingine ni aliyemwajiri mtu, akamtumikisha sawasawa, kisha asimpe ujira wake. Ndugu zangu, wawili hawa wametajwa pamoja. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini huyu wa pili bado tunaishi naye, na pengine ndiye sisi.

Yule kijana nimeshamrekebishia jibu. Nilimwambia: amri ilikuwa ya Mjerumani, kiboko alikishika ndugu yetu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Angekataa je?" Nikamwambia, swali hilo aende nalo nyumbani. Nami nimekwenda nalo.

Wallahu a'alam.