Watendao Kazi Pamoja Katika Nyumba Moja

Masomo: Nehemia 2:11–18 na 3:1–12, Matendo ya Mitume 18:1–3 na 24–26



Mhariri wa gazeti letu ametuomba sisi wawili, mume na mke, tuandike neno kwa ajili ya watu wa ndoa, hasa wale waliostaafu kazi au wanaokaribia kustaafu. Tumekubali, kwa maana jambo hili linatugusa sisi wenyewe, na twajua ya kuwa linagusa nyumba nyingi za mtaa wetu.

Watu wengi hudhani kwamba ndoa ikiisha kuvuka miaka 30 imefika salama. Watoto wamesomeshwa, wengine wameoa au kuolewa, nyumba imejengwa. Lakini wazee wa kanisa wanajua kwamba mashauri wanayoletewa siku hizi si ya vijana peke yao. Wako mababu na mabibi wanaolala chini ya paa moja na kula kutoka vyungu viwili. Wako wanaopelekeana habari kwa mdomo wa mjukuu: "Kamwambie babu yako chakula tayari." Hawapigani wala hawatukanani. Siku ya Jumapili huketi kanisani benchi moja na kupokea Ushirika Mtakatifu. Mtu akiwatazama kwa nje ataona nyumba nzima isiyo na ufa.

Basi tumwangalie Nehemia. Alipofika Yerusalemu hakuanza kwa hotuba, wala hakuanza kwa kujenga. Alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache, akazunguka kuta na kutazama mahali palipobomoka na malango yaliyoteketezwa. Hakumwambia mtu kwanza. Alitaka kujua ukubwa wa uharibifu kwa macho yake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo alipowaita watu wajenge. Hapa pana fundisho kwa kila mwenye kutaka kutengeneza kitu cha zamani: ukaguzi hutangulia kazi.

Sisi tulijifunza fundisho hili kwa njia ambayo majirani waliicheka. Ndugu yetu mmoja, ambaye sasa ni marehemu, alituachia gari aina ya Land Rover, Series III ya mwaka 1976, ile ndefu yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Alilitumia kubebea machungwa. Lilikuwa limesimama chini ya mwembe kwa miaka 14, na kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Tulipostaafu tulilikokota mpaka nyumbani tukaanza kulitengeneza sisi wenyewe, jioni mbili kwa juma, kwa spana, msasa, mafuta ya taa na vitambaa vikuukuu. Jirani mmoja alituuliza, "Walimu, mnataka kufufua mifupa mikavu?" Tukamjibu kwamba Ezekieli naye aliulizwa swali la namna hiyo.

Yafaa tueleze kidogo habari za gari hili, maana ndimo lilimo fundisho. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza huko Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Aliyelibuni, Maurice Wilks, alikuwa mkuu wa wahandisi wa kampuni ya Rover, naye alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa haba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilifanywa kwa bati la mchanganyiko wa alumini, ambalo halishiki kutu nyekundu. Fremu ya chini, inayobeba mzigo wote, ilibaki kuwa ya chuma. Nayo ilitengenezwa kwa mabamba yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Utaratibu huo uliendelea hata katika Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985.

Sasa sikilizeni. Gari la namna hiyo likikaa miaka mingi, bodi huonekana njema. Ukiliosha na kulipaka rangi, mtu atasema ni zima. Lakini matope na maji huingia ndani ya fremu na kukaa humo gizani, na chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Kwa macho hutaona kitu. Yakupasa ulale chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza hutoa sauti ya chini, kama ya kugonga gunia.

Fundi wetu wa kuchomelea, kijana tuliyemfundisha darasa la tatu, ndiye aliyetuonyesha jambo hilo. Alisema, "Shikamoni walimu, leo mimi ndiye mwenye chaki." Akagonga fremu yote, na kila palipooza akatia alama. Alama zilikuwa tisa, na mbaya kupita zote zilikuwa karibu na springi za nyuma. Bwana Yesu aliwaambia Mafarisayo habari za makaburi yaliyopakwa chokaa. Sisi tulielewa neno lile upya tukiwa tumelala mavumbini.

Hapo ndipo jaribu lilipotupata. Mmoja wetu alisema gari liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na fedha zitumike kuezeka jiko upya, kwa maana mvua ilikuwa inaingia. Mwingine alisema kazi iendelee. Siku tatu hatukusemezana ila kwa lazima. Siku ya nne jioni neno likatoka, na halikuwa la gari: "Miaka 11 nimelea watoto peke yangu, na hata leo hujaniuliza jiko linavuja wapi."

Ilikuwa kweli kwamba kwa miaka 11 tuliishi mbalimbali, mmoja akifundisha chuo cha ualimu na mwingine shule ya msingi, tukikutana wakati wa likizo. Watumishi wengi wa umma wanayajua maisha hayo. Vituo vya kazi hatukuvichagua, na hapakuwa na mtu wa kushtakiwa. Hata hivyo maneno yale yalikuwa kama maji yaliyokaa ndani ya chuma. Yalikuwa yakila polepole, na sisi tulikuwa tukipaka rangi kwa juu: picha za harusi ukutani, benchi moja kanisani. Aliyeambiwa hakujibu. Alichukua ngazi, akaenda kutazama paa la jiko. Gari lilisimama miezi mitano mpaka jiko lilipoezekwa, na katika miezi hiyo tulizungumza mambo ambayo hatukuwa tumeyazungumza tangu watoto wakiwa wadogo.

Wapendwa, ndiyo maana twasema kwamba ukaguzi hutangulia kazi. Nyumba nyingi za wazee zinakarabatiwa kwa rangi. Mtu ananunua kanga, au anafanya sherehe ya kutimiza miaka 40 ya ndoa, na fremu haijagongwa. Na ikigongwa, chuma kilichooza hakifunikwi. Fundi wetu aliondoa tangi la petroli kwanza, kisha akakata mahali pale mpaka akafika penye chuma kizima, ndipo akachomelea bamba jipya. Ukichomelea juu ya kutu, bamba litashika siku chache tu.

Liko jambo la pili tulilojifunza. Mafundi wanajua, na sayansi inathibitisha, kwamba alumini na chuma vikigusana mahali penye unyevu, hasa unyevu wa chumvi kama wa pwani yetu, alumini huanza kuliwa na kutoa unga mweupe. Chuma si kibaya. Alumini si mbaya. Kila kimoja kikikaa peke yake kinadumu kwa namna yake. Kinachoviharibu ni kugusana vikiwa vitupu. Kwa hiyo fundi huweka kitu katikati: rangi, au grisi, au kipande cha mpira.

Ndivyo walivyo mume na mke wanapostaafu. Walizoea kuonana asubuhi na jioni, au wakati wa likizo tu. Sasa wanagusana mchana kutwa. Yule aliyetawala darasa anataka kutawala jiko. Yule aliyetawala jiko anaona mgeni ameingia na amri. Kitu cha kuweka katikati ni kipi? Katika nyumba yetu tuliweka vitu vitatu. Kwanza, sala ya pamoja kila asubuhi, hata siku ambayo mmoja amekasirika. Pili, adabu ya maneno: kusema "tafadhali" na "asante" kama tulivyowasemea wageni. Tatu, tulikubaliana kwamba jambo lenye ubishi lisifunguliwe baada ya taa kuwashwa, bali lingoje asubuhi. Tena fedha za kiinua mgongo hazikuguswa kwa ajili ya gari. Spea zilinunuliwa kwa fedha za mayai na machungwa, hata kama ilitupasa kungoja miezi.

Jambo la tatu ni la breki. Ukifungua mabomba ya breki, hewa huingia ndani, na breki zenye hewa hazishiki. Kuitoa hewa hiyo kwa njia yetu ya nyumbani kunahitaji watu wawili. Mmoja huketi juu na kukanyaga pedeli. Mwingine hulala chini na kufungua nati ndogo iliyo katika gurudumu, hewa itoke pamoja na mafuta ya breki, kisha aifunge. Wa juu hamwoni wa chini, wala wa chini hamwoni wa juu. Wanaongozwa na sauti tu. Wa juu akiachia pedeli kabla wa chini hajafunga, hewa hurudi ndani, na kazi huanza upya.

Basi mmoja wetu, aliye mdogo wa mwili, alilala chini, na mwingine akaketi juu. "Mwalimu, kanyaga!" "Nimekanyaga, Mwalimu." "Shikilia!" "Nimeshika." "Achia sasa." Hivyo hivyo kwa kila gurudumu, mpaka povu likakoma na mafuta yakatoka safi. Watu walioona mama mtu mzima mwenye wajukuu akitoka chini ya gari walistaajabu. Lakini hebu someni Nehemia sura ya 3, mstari wa 12. Shalumu, mtu mwenye cheo katika Yerusalemu, alijenga sehemu yake ya ukuta pamoja na binti zake. Nehemia hakuona aibu kuwaandika.

Tena wako Akila na Prisila, ambao kazi yao ilikuwa kushona hema. Walimpokea Paulo wakafanya kazi pamoja naye, na baadaye wakamchukua Apolo, mtu hodari wa maneno, wakamfundisha njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hatusomi mahali popote kwamba mmoja wao alimfundisha Apolo peke yake. Majina yao hutajwa pamoja kila mara, na mara nyingine la mke linatangulia. Tunaamini kwamba watu waliozoea kushika pande mbili za turubai moja walikuwa wamejifunza kusikilizana kabla Apolo hajafika.

Hatusemi kwamba kila nyumba ikatafute gari kuukuu. Mungu atuepushe na hasara hiyo! Twasema kwamba kila nyumba itafute kazi moja ambayo haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Iwe bustani ya mchicha, au mizinga ya nyuki, au kufundisha watoto wa jirani kusoma, au kumtembelea mgonjwa yule yule kila Alhamisi. Iwe ndogo, na iwe ya wote wawili.

Lakini lazima tuongeze neno moja. Yako mashauri ambayo si ya maji katika fremu, bali ni ya kupigwa na kuumizwa. Mama au baba aliye katika hali hiyo asiambiwe avumilie tu na kuomba. Aende kwa kasisi wetu au kwa mzee wa kanisa anayemwamini, na ikibidi aende kwa vyombo vya sheria. Hata Nehemia aliweka walinzi wenye silaha wakati wa kujenga.

Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52. Sisi tuko katika mwaka wa tatu, na milango miwili haijafungwa bado. Injini inaunguruma na breki zinashika, na hatuna haraka. Ninyi mlio vijana, msingoje kustaafu. Mwulizeni mwenzenu juma hili mahali panapovuja, kisha mnyamaze mpaka amalize kusema.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemwona mtu akiwa peke yake ukampa msaidizi, utazame nyumba zote za mtaa huu. Uguse kwa upole mahali palipooza, utupe ujasiri wa kupaona, na uvumilivu wa kupatengeneza. Uwakumbuke wajane na wagane, ambao hawana tena wa kumwita kazini, uwe Wewe sauti wanayoisikia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.